Mashine kuukuu za useremala Bujumbura: agiza kipuri kwa namba, si kwa jina la mashine

BUJUMBURA – Katika karakana nyingi za useremala jijini hapa, mashine inayofanya kazi kubwa mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote. Ni randa au msumeno wa mkanda wenye mwili mzito wa chuma cha kalibu, uliotoka Ulaya enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, au ulioletwa miaka ya baadaye ukiwa tayari umetumika. Mwili huo haufi upesi. Kinachokufa ni vitu vidogo vinavyobeba nguvu kutoka kwenye mota hadi kwenye kisu, yaani mkanda, beringi, puli, cheni na gia.

Hapo ndipo biashara ya kuvuka mpaka inapoingia, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Fundi wa Buyenzi humpigia simu ndugu yake aliyeko Dar es Salaam na kumwomba amtafutie "beringi mbili za randa ya Kibelgiji". Ndugu huzunguka Kariakoo kutwa nzima, huambiwa kila duka kwamba vipuri vya randa hiyo havipo, na mwishowe hununua kitu kinachofanana na alichoelezwa. Mzigo hupanda gari, hupita Kabanga na Kobero, hulipiwa, na ukifika hauingii. Randa imesimama wiki tatu na mteja wa madawati ameshahamia kwa fundi mwingine.

Ndugu huyo hana kosa. Aliambiwa jina la mashine, wakati dukani kinachouzwa ni namba.

VIWANDA VYA RANDA HAVIKUTENGENEZA BERINGI

Bamba la mashine linaweza kusomeka Guilliet ya Auxerre nchini Ufaransa, Danckaert ya Brussels, au Wadkin ya Leicester, Uingereza. Viwanda hivyo vilitengeneza mwili, meza na kichwa cha visu. Beringi vilinunua kwa watengenezaji wa beringi, kama SKF ya Sweden iliyoanzishwa mwaka 1907 au FAG ya Ujerumani, na mikanda vilinunua kwa watengenezaji wa mikanda. Hao walifuata vipimo vya pamoja ambavyo vinatumika hadi leo. Ndiyo maana beringi iliyofungwa miaka ya 1950 ina pacha wake dukani sasa hivi, na huenda pacha huyo anauzwa kwa ajili ya pampu ya maji.

Wakazi wa ziwani wana mfano mkubwa zaidi wa jambo hili. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Injini zake za mvuke ziling'olewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Mwili ukabaki ule ule.

KUSOMA BERINGI

Kabla ya kufungua chochote, zima umeme kwenye swichi kuu, toa fyuzi na uziweke mfukoni mwako mwenyewe. Kisha ondoa visu vyote kwenye kichwa. Kazi nyingine zote zinafuata baada ya hapo.

Beringi nyingi zina namba iliyochongwa pembeni mwa pete, kwa mfano 6306. Chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa 5, utapata tundu la ndani kwa milimita: 06 ni milimita 30, 05 ni 25, 08 ni 40. Hesabu hii inaanzia 04. Tarakimu iliyo mbele ya hizo mbili inaeleza unene wa beringi yenyewe. 6206 ina tundu la milimita 30, kipenyo cha nje 62 na upana 16. 6306 ina tundu lile lile la 30, lakini nje ni 72 na upana 19. Zote mbili zitapanda kwenye shafti, ila ni moja tu itakayokaa kwenye nyumba yake. Kwa hiyo kuagiza "beringi ya shafti ya 30" hakutoshi.

Herufi zinazofuata namba nazo ziandikwe zote. ZZ ni vifuniko vya bati, 2RS ni vifuniko vya mpira ambavyo vinazuia vumbi la mbao vizuri zaidi, na C3 ina maana kwamba ndani kumeachwa nafasi kubwa kidogo kwa ajili ya chuma kutanuka kikipata joto.

Katika randa za zamani usishangae kukuta namba kama 1206 au 2306. Hizo zina safu mbili za gololi, na pete ya nje imechongwa kwa ndani kama bakuli ili ivumilie shafti iliyokaa upande kidogo. Muuzaji anaweza kukuambia kwamba 6206 ni sawa na 1206, na ukipima utaona kweli: 30, 62 na 16 zote mbili. Lakini 6206 haivumilii kupinda. Randa ambayo nyumba zake mbili za beringi ni vipande tofauti vilivyofungwa kwa bolti inahitaji ile ya safu mbili, la sivyo beringi mpya itachemka siku ya kwanza.

Mtego mwingine uko kwenye mashine za Kiingereza. Shafti ya inchi 1 ni milimita 25.4, wakati 6205 ina tundu la milimita 25 kamili. Haiingii, na wapo wanaochukua msasa wakapunguza shafti ili iingie. Shafti iliyopunguzwa kwa mkono haiwi duara tena. Beringi za inchi bado zinatengenezwa. Ile ya inchi 1 kwa inchi 2¼ kwa inchi ⅝ huitwa RLS8, na kwenye makasha ya Kiingereza huandikwa LJ1. Kuipata huchukua muda mrefu zaidi, na ni heri kusubiri.

Namba ikiwa imefutika, pima mara tatu kwa kalipa: tundu, kipenyo cha nje na upana. Kipimo kisichokubali milimita kamili, jaribu kukigawa kwa 25.4 kabla ya kusema beringi imelika.

Kufunga nako kuna siri moja ambayo mafundi wengi hawakufundishwa. Kichwa cha randa kina beringi mbili, lakini ni moja tu inayobanwa pande zote mbili. Nyingine huachiwa nafasi ndogo ya kusogea ndani ya nyumba yake, kwa kuwa shafti ikipata joto hurefuka. Ukizibana zote mbili, shafti hukosa pa kwenda, gololi hugandamizwa, na beringi hulia na kuungua hata kama ni halisi kutoka kiwandani. Wakati wa kufungua tazama ni upande upi uliobanwa, uweke alama ya chaki.

Beringi ya wazi, isiyo na vifuniko, hupashwa moto ndani ya oili hadi takriban nyuzi 100 ili itanuke na kupanda kwenye shafti bila nyundo. Moto wa gesi moja kwa moja huharibu chuma chake. Ikibidi kugonga, gonga kwa bomba linalogusa ile pete inayokaza, yaani ya ndani kama unapandisha kwenye shafti. Ukigonga ya nje, gololi zitaacha vidonda ndani. Grisi ijaze theluthi hadi nusu ya nafasi iliyopo. Ikijaa kabisa hupika beringi.

Shafti ikiwa imelika, usikubali ijazwe kwa kulehemu kama ni shafti ya kichwa cha visu. Joto la kulehemu huipinda na kuiachia udhaifu mahali usipouona. Fundi mzuri wa kukereza vyuma ataipunguza kwa mashine, avishe pete nyembamba ya chuma, kisha aikereze hadi kipimo chake.

Zipo pia mashine kongwe zaidi ambazo hazina gololi kabisa. Shafti yake huzunguka ndani ya bushi ya madini laini ya bati na risasi yaliyomiminwa papo hapo. Hizo hazihitaji mpaka wala forodha. Bushi humiminwa upya na kukwanguliwa kwa mkono, kazi ikifanyika nje penye upepo kwa sababu moshi wa risasi ni sumu.

Kuhusu beringi bandia, soko la ukanda wote limejaa. Kasha na maandishi huigwa vizuri, na zipo zilizotumika ambazo huoshwa na kufungwa upya. SKF ina programu ya simu ya kukagua bidhaa zake, lakini kwa mnunuzi aliyesimama dukani dalili kubwa bado ni bei: ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine, kuna sababu.

MIKANDA

Mkanda wa umbo la V una herufi na urefu. Z ni upana wa milimita 10 juu kwa kina cha 6, A ni 13 kwa 8, B ni 17 kwa 11, C ni 22 kwa 14. Namba inayofuata herufi kwa kawaida ni inchi za urefu wa ndani: A50 ni inchi 50, sawa na milimita 1,270. Kwenye mikanda ya Ulaya urefu huandikwa kwa milimita, na hapo soma herufi ndogo zilizo pembeni. Li ni urefu wa ndani, Lw ni wa katikati, La ni wa nje. Kwa mkanda wa A, Lw inazidi Li kwa milimita 30, na La inazidi Li kwa milimita 50. Mtu aliyetumiwa "1270" bila herufi anaweza kurudi na mkanda mfupi kwa sentimita tano, na reli ya mota haina nafasi hiyo.

Mkanda wa zamani ukiwa umepotea, weka mota katikati ya reli yake, zungusha kamba isiyonyumbuka juu ya puli zote mbili, upime. Huo ni takriban urefu wa nje.

Kabla ya kulaumu mkanda tazama puli. Mkanda mzima hubana kwa kuta za pembeni na mgongo wake hulingana na ukingo wa puli. Ukiuona umezama, na chini ya mfereji pameng'aa kama kioo, ujue mkanda unakanyaga sakafu na puli ndiyo iliyolika. Mkanda mpya hapo hautadumu. Aidha, mashine yenye mikanda miwili au mitatu ibadilishiwe yote pamoja, kwa sababu mpya na wa zamani havigawani mzigo.

Kukaza kuna kipimo: katikati ya puli mbili, mkanda ukibonyezwa kwa kidole kwa nguvu ya kawaida ushuke takriban milimita 8 kwa kila nusu mita ya umbali. Kaza tena baada ya saa chache za kazi. Hapa Bujumbura kuna jambo la kuongeza. Umeme wa REGIDESO ukishuka, mota hukosa nguvu, fundi hudhani mkanda unateleza, huuvuta mpaka ulie kama uzi wa zeze, na mwisho wake beringi ya mota hufa. Pima volti kwanza.

PULI INAYOWEZA KUUA

Katika mambo yote ya makala hii, hili ndilo linalostahili kusomwa mara mbili.

Randa nyingi za zamani zilikuja na mota ya polepole, ya mizunguko takriban 1,420 kwa dakika. Tuchukue mfano wa puli ya milimita 300 kwenye mota na puli ya milimita 100 kwenye kichwa cha visu. Zidisha 1,420 kwa 300, gawa kwa 100, kichwa kinazunguka mara 4,260 kwa dakika. Ndivyo kilivyokusudiwa.

Mota inaungua. Iliyopatikana sokoni ni ya mizunguko 2,850, kwa kuwa kwa nguvu ile ile ni nyepesi na huwa na bei nafuu. Shafti yake inalingana, puli ya zamani inavishwa, mashine inawashwa. Kichwa sasa kinazunguka mara 8,550. Nguvu inayovuta visu kutoka kwenye bolti zake haikuongezeka mara mbili, imeongezeka mara nne, kwa sababu hufuata mraba wa mwendo. Puli yenyewe ya milimita 300 ukingo wake unakimbia karibu mita 45 kwa sekunde, wakati puli ya kawaida ya chuma cha kalibu haipaswi kuvuka sana mita 30. Mashine itaranda mbao vizuri ajabu, labda kwa siku kadhaa. Kisha kisu au kipande cha puli kitatoka, na anayesimama mbele yake ni kijana anayesukuma ubao.

Dawa ni puli ya milimita 150 kwenye mota mpya, itakayotoa 4,275. Ni kazi ndogo kwa fundi wa kukereza. Msumeno wa mkanda nao uhesabiwe vivyo hivyo, kwani magurudumu yake ni makubwa na mazito.

Anayeuza mota kwa karakana aulize swali moja kabla ya kupokea fedha: ya zamani ilikuwa na mizunguko mingapi? Imeandikwa kwenye bamba lake.

CHENI NA GIA

Randa ya unene huvuta ubao kwa roli zinazoendeshwa kwa cheni au gia. Cheni ya nusu inchi ya viwandani, inayoitwa 08B, ina hatua ya milimita 12.7 na roli ya milimita 8.51. Cheni ya pikipiki ya namba 428 ina vipimo hivyo hivyo, na upana wake wa ndani unazidi kwa chini ya milimita moja. Kwa kazi ya kuvuta ubao inatosha kabisa, na 428 inauzwa popote penye bodaboda. Ukibadilisha cheni kwenye spoketi zilizokwisha chongoka kama meno ya papa, umetupa fedha.

Gia ni habari nyingine. Hesabu meno, ongeza 2, kisha gawa kipenyo cha nje kwa jumla hiyo. Gia ya meno 30 yenye kipenyo cha milimita 96 inatoa 96 kwa 32, yaani 3. Hiyo ndiyo moduli, na fundi mwenye mashine ya kuchonga gia haulizi zaidi ya moduli, idadi ya meno, upana na tundu. Jibu likitoka na desimali za ajabu, huenda gia ni ya Kiingereza, basi mpelekee gia yenyewe. Maeneo kama Gerezani mjini Dar es Salaam na Katwe mjini Kampala yana mafundi wa vyuma wa siku nyingi.

UJUMBE NA FORODHA

Lugha nayo huchanganya. Seremala wa Bujumbura husema roulement, courroie na poulie. Duka la Kariakoo linajua beringi, mkanda na puli. Namba haina lugha. Ujumbe unaofaa ni huu: "Beringi 2, namba 1206, vipimo 30 x 62 x 16, safu mbili za gololi. Mikanda 3 ya A50, inchi, chapa moja. Tuma picha ya kasha kabla ya kulipa." Pamoja na hayo tuma picha ya kipuri cha zamani kikiwa kando ya rula.

Mpakani, wengi hudhani kila kipuri cha randa kitahesabiwa kama randa. Sivyo. Katika orodha ya kimataifa ya forodha mashine za mbao ziko 84.65 na vipuri vyake mahususi 84.66. Lakini beringi, hata ikiwa ya randa, iko 84.82, puli, gia, shafti na nyumba za beringi 84.83, mikanda ya mpira 40.10, cheni 73.15, visu vya mashine 82.08, mota 85.01. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35, hivyo kuandika vyote "vipuri vya mashine" kwenye karatasi moja ni kuomba ubishi na afisa wa OBR. Mwulize wakala kiwango cha kila namba kabla mzigo haujaondoka.

Kingine ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Beringi ya Japani au ya China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kununuliwa Kariakoo, na usidhani kwamba ushuru uliokwisha kulipwa bandarini Dar es Salaam utaipitisha bure Kobero. Puli iliyomiminwa na kukerezwa katika karakana ya Tanzania au Uganda ni jambo tofauti, na inafaa kuiulizia cheti. Risiti isikosekane, maana pasipo risiti thamani hukadiriwa.

Njia zenyewe ni mbili kubwa: barabara ya Kahama, Nyakanazi na Ngara hadi Kabanga na Kobero, au Kigoma na kutoka hapo kwa ziwa au kwa barabara ya Manyovu na Mugina. Waliozoea kupitishia mizigo ya Kampala na Nairobi nchini Rwanda walikwama Burundi ilipofunga mpaka wake na nchi hiyo Januari 2024, kwa hiyo ulizia hali ya njia kabla ya kulipia. Fedha za kigeni nazo zimekuwa ngumu kupatikana tangu mgogoro wa 2015, na faranga ilishushwa thamani Mei 2023. Bei uliyopewa kwa dola mwezi uliopita iulizwe tena siku ile ile unayotuma fedha.